Kila vita vikizuka, Nostradamus anafufuliwa: tuangalie tarehe kabla ya kushtuka

Mpekua Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Vita vikizuka mahali popote, kabla hata maiti hazijahesabiwa, simu inalia. Ujumbe umeshapita mikono mia, una picha ya mzee mwenye ndevu na kofia bapa, na chini yake shairi. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, ulionifikia mimi kuliko mwingine wowote ni huu:

Moto wa mbinguni juu ya jengo la kifalme,
Nuru ya Mirihi itakapofifia,
Miezi saba vita kuu, watu wafe kwa uovu.

Mirihi ndiyo nyota ya vita tangu enzi na enzi. Jengo la kifalme unachagua mwenyewe, ikulu ziko nyingi. Miezi saba unaanza kuihesabu unapotaka. Sikatai, mara ya kwanza kuusoma mwili ulinisisimka.

Baadaye nikautafuta ulikotoka. Ni ubeti wa 100 wa fungu la nne katika kitabu cha Michel de Nostredame, huyu tunayemwita Nostradamus, Mfaransa aliyezaliwa 1503 na kufariki 1566. Wapenzi wa mashairi mtanielewa haraka: mzee aliandika tarbia, mishororo minne kila ubeti. Hesabu hapo juu. Iko mitatu. Kituo kimekatwa, na kituo chenyewe kinasema:

Rouen na Évreux hazitamtupa Mfalme.

Rouen na Évreux ni miji ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, na mfalme anayezungumziwa ni wa huko. Ukiusoma ubeti pamoja na kituo chake, unamwona mzee wa Provence, kusini mwa Ufaransa, akiwaza vita vya kwao. Ukikikata, ubeti unabaki yatima na kila mwenye vita anaweza kuulea. Na wameulea kweli. Wapo wafasiri waliouvalisha vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, kwa kuwa kasri la Tuileries liliungua Mei 1871. Tuileries ilichomwa na waasi wa Paris kwa mikono yao, na huo moto wa mbinguni sijui ulipita dirisha gani, lakini tuyaache.

Hoja yangu ni moja. Watu hudhani utabiri hutangulia na vita hufuata. Nikipekua ninakuta kinyume: vita hutangulia, halafu mtu anarudi kabatini kutafuta utabiri wa kuvivalisha, na usipovitosha anaupunguza mikono. Ndiyo maana kila nikitumiwa kitu cha namna hii nauliza tarehe mbili. Kiliandikwa lini? Na aliyekuwa wa kwanza kusema kinahusu vita hivi alisema lini? Hiyo tarehe ya pili karibu kila mara iko upande wa pili wa tukio.

Nitaleta visa vitatu vya utabiri wa nyota uliokuwa na tarehe kabisa, maana hivyo ndivyo vinavyopimika.

Mpekua Kurasa (inaendelea)

Kisa cha kwanza, Septemba 1186. Sayari zinazoonekana kwa macho, pamoja na jua na mwezi, zilikuwa zinakusanyika kwenye buruji, yaani alama ya nyota, ya Mizani. Kwa wanajimu Mizani ni buruji ya hewa, kwa hiyo hukumu ikawa upepo. Barua iliyokuja kujulikana kama Barua ya Toledo ilizunguka Ulaya ikionya juu ya tufani isiyowahi kuonekana, na inasimuliwa kwamba kuna waliochimba mahandaki. Uajemi nako, mshairi na mnajimu Anvari alitabiri upepo huohuo. Siku ikafika. Masimulizi yanasema usiku ule hewa ilitulia kiasi kwamba taa iliyowashwa juu ya mnara haikutikisika ulimi wake.

Hiyo taa naipenda sana. Mtu ametangaza tufani ya kung'oa miji, halafu mwenzake anapanda mnarani na kibatari.

Lakini ngoja. Julai 1187 Salahuddin alilivunja jeshi la wapiganaji wa msalaba kule Hattin, na tarehe 2 Oktoba akaingia Yerusalemu. Aliyetaka kuuokoa utabiri alipata pa kuushikiza: kumbe upepo ulikuwa wa vita! Na kwa Anvari kuna waliosubiri hata zaidi, wakasema tufani yake ilikuwa ujio wa Genghis Khan.

Kisa cha pili, Februari 1524. Mwaka 1499 mwanahisabati Mjerumani Johannes Stöffler na mwenzake Jakob Pflaum walichapisha kalenda yao ya nyota, na ndani yake walionyesha kuwa mwezi huo utakuwa na makutano 20 ya sayari, 16 kati ya hayo kwenye buruji ya maji, yaani Samaki. Wengine wakamalizia sentensi: gharika. Vijitabu zaidi ya mia moja vilitoka juu ya jambo hilo, vingine vya kutisha, vingine vya kutuliza. Toulouse kuna mkubwa mmoja anayesimuliwa kuwa alijijengea safina. Gharika haikuja. Mwaka huohuo wa 1524 wakulima wa Ujerumani wakaanza kuinuka dhidi ya mabwana zao, na hadi 1525 waliouawa walikuwa makumi ya maelfu. Maji yakageuzwa damu.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu kuna kijitabu kimoja kinachonisumbua. Kilitolewa na Leonhard Reinmann mwaka 1523, kabla ya uasi. Picha ya jalada ina samaki mkubwa angani, tumbo limejaa nyota, maji yanamwagika toka kwake juu ya mji, na chini wakulima wenye zana zao wanakabiliana na Kaizari na Papa. Ukiiona bila kujua mengine utasema huyu aliona. Mengine ni haya: wakulima wa Kijerumani walikwisha kujaribu kuasi 1493, 1502, 1513, 1514 na 1517. Mwaka 1523 hofu ya uasi ilikuwa habari ya kila siku. Mchoraji hakuhitaji darubini (na darubini yenyewe ilikuwa bado haijabuniwa).

Kisa cha tatu ni cha juzijuzi, kina watu wazima walio hai wanaokikumbuka. Kati ya tarehe 3 na 5 Februari 1962 jua, mwezi, sayari tano na Ketu, ambayo kwa unajimu wa Kihindi huhesabiwa pamoja nazo, vilikusanyika buruji moja. Wahindi wanaita Ashtagraha, vitu vinane vya angani pahali pamoja. India nzima ilikesha kwenye dua na moto wa kafara, watu wakiamini dunia inafika mwisho. Waziri Mkuu Nehru aliwacheka. Tarehe 5 ikapita na kupatwa kwa jua, tarehe 6 ikaingia, maisha yakaendelea. Kisha Oktoba 20 mwaka uleule China ikashambulia mpakani Himalaya. Si unaona!

Miezi minane. 1186 ilisubiri kama kumi, na Genghis Khan miaka mingi kabisa. Utabiri ukikosa siku yake hupewa muda wa nyongeza, na dunia yetu hii haijawahi kumaliza muda wa nyongeza bila vita pahali fulani.

Jambo jingine la Ashtagraha. Kwa hesabu ya Wahindi vitu vile vilikuwa kwenye Mbuzi. Kwa hesabu ya unajimu wa Magharibi, siku ileile, anga lilelile, vilikuwa kwenye Ndoo. Mhimili wa dunia huyumba polepole, takriban nyuzi moja kila miaka 72, na mifumo hii miwili imeachana kwa nyuzi zaidi ya 20 kwa sababu mmoja unafuata nyota zenyewe na mwingine unafuata majira. Kwa hiyo ukiambiwa "nyota zimesema", uliza za hesabu ipi.

Lisemwalo Lipo

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka makusudi. Hister je? Nostradamus alitaja Hister karibu miaka mia nne kabla ya Hitler, na Ujerumani imo kwenye ubeti uleule. Herufi moja tu ndiyo imepishana. Nayo utasema ni bahati?

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mpekua Kurasa

Karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri.

Hister si mtu, ni mto. Ndilo jina la Kilatini la Danube ya chini, na kila msomi wa karne ya 16 alilijua. Ubeti wenyewe, wa 24 katika fungu la pili, unaanza na wanyama wakali wenye njaa wanaovuka mito, na unasema sehemu kubwa ya uwanja itakuwa dhidi ya Hister. Kama unadhani naupindisha, fungua fungu la nne ubeti wa 68: huko ameandika Rhine na Hister, vimeongozana. Mito miwili. Au na Rhine naye ni jenerali?

Halafu tazama alikuwa anaishi wakati gani. Toleo la kwanza la kitabu lilichapwa Lyon mwaka 1555. Waturuki wa Osmani walikuwa wamelivunja jeshi la Hungaria kule Mohács 1526, wakaizingira Vienna 1529, wakaichukua Buda 1541. Yote hayo yako kwenye bonde la Danube. Mtu wa 1555 akiandika kuhusu vita kwenye Hister anaandika habari za redio ya siku zake, kama wangekuwa na redio.

Methali yako naipenda, lakini ndiyo inayonipa hoja. "Kama halipo laja." Haina tarehe ya mwisho. Kitu chochote kisicho na tarehe ya mwisho hakiwezi kukosea.

Kalamu Nyekundu

Mada nzuri. Mimi nakumbuka ule wa Septemba 11, 2001. "Ndugu wawili watasambaratishwa, ngome ikiwa imestahimili, kiongozi mkuu ataanguka." Kuna mtu alinichapia kwenye karatasi kabisa. Ule nao kituo kilikatwa?

Mpekua Kurasa

Ule haukukatwa chochote, maana kwenye kitabu haumo. Sehemu ile ya ndugu wawili ilitungwa na mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Canada miaka ya 1990, kwenye insha yake, na aliitunga kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuandika kitu cha kutatanisha kikaja kufaa tukio lolote kubwa. Hakika alifaulu kuliko alivyotaka. Watu waliinyofoa insha, wakatupa maelezo, wakabaki na shairi, wakaandika Nostradamus chini yake.

Kwenye ujumbe uleule walichanganya na ubeti wa kweli, fungu la sita ubeti wa 97, unaosema anga itawaka nyuzi arobaini na tano na moto utaukaribia mji mkubwa mpya. Mji mpya, wakasema, New York. New York iko nyuzi 40 na dakika kama 43 kaskazini. Na kwa mtu aliyesoma Kilatini na Kigiriki mji mpya ni Neapolis, yaani Napoli, mji unaokaa chini ya volkano. Napoli nayo haiko nyuzi 45, niseme tu, kwa hiyo sijidai kuujua ubeti huo. Kutoujua ni jibu halali, hata kama halisambazwi.

Mtu wa Pembeni

Mimi nyota yangu Ng'ombe. Naomba kujua kama nitapata mchumba kabla ya vita kuu ya tatu au nianze kuchimba handaki la mtu mmoja.

Falaki Si Ramli

Assalaam alaykum. Nina nyongeza, na kidogo nina marekebisho. Mwandishi anazungumza kana kwamba unajimu ulikuwa mchezo wa vijitabu vya Ulaya tu. Nadharia yenyewe ya kuunganisha sayari na dola ilipangwa vizuri zaidi Baghdad. Mji huo uliwekewa msingi 762 katika saa iliyochaguliwa na wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashaallah. Kisha Abu Ma'shar wa Balkh akaeneza elimu ya makutano ya Mshtarii na Zohali: sayari hizi mbili hukutana takriban kila miaka 20, na makutano yanapohama kutoka buruji za aina moja kwenda aina nyingine, kwa mfano kutoka moto kwenda udongo, wakasema dola hubadilika. Al-Kindi alifikia hatua ya kuupigia hesabu utawala wa Waarabu, akaupa miaka 693.

Mwanahistoria Ibn Khaldun alilijadili jambo hili katika Muqaddima yake na hakuwa mpole nalo. Yeye alikuwa amezoea kueleza kuanguka kwa dola kwa mshikamano wa watu, kodi na anasa, si kwa Zohali.

Lakini kisa ninachotaka kukileta ni cha 1258. Hulagu amesimama na jeshi la Wamongoli, mbele yake Baghdad. Mnajimu wake, Husam al-Din, akamwonya asiiguse nyumba ya khalifa: farasi watakufa, askari wataugua, jua halitachomoza, mvua haitanyesha, na mfalme mkubwa atakufa mwaka huo. Hulagu akamgeukia Nasir al-Din Tusi, mwanafalaki mkubwa wa zama zile, akamuuliza kitatokea nini. Tusi akajibu kuwa hakitatokea kitu, ila Hulagu atakaa mahali pa khalifa. Na angalia alivyolithibitisha hilo: hakutoa chati ya nyota. Alitaja makhalifa waliokwisha kuuawa huko nyuma, kama al-Mutawakkil aliyeuawa na walinzi wake mwenyewe, na jua likachomoza kama kawaida.

Baghdad ilianguka Februari. Mwaka uliofuata Tusi akajengewa kituo cha kutazamia nyota Maragha.

Ndiyo maana jina langu hapa ni hilo. Falaki inakuambia mwezi utapatwa lini, na unapatwa. Ramli inakuambia umepatwa kwa sababu yako.

Mpekua Kurasa

Waalaykum salaam. Mkuu, huu mchango ulistahili uzi wake. Nilikuwa na Tusi kama jina tu la mwanahisabati.

Na umenifungulia upande ambao sikuugusa: nyota hazisababishi vita, ila mtu mwenye jeshi akiziamini, basi zinaua kweli. Mwaka 413 KK jeshi la Athene lilikuwa limekwama Syracuse, na meli ziko tayari kwa kurudi nyumbani. Usiku wa Agosti 27 mwezi ukapatwa. Jemadari Nicias akawasikiliza watabiri wake waliosema wasubiri mara tatu siku tisa. Siku 27! Wenyeji wakatumia nafasi hiyo kufunga mdomo wa bandari. Jeshi likaangamia, na mateka kama 7,000 wakatupwa kwenye machimbo ya mawe. Mwezi haukufanya lolote zaidi ya kupita kwenye kivuli cha dunia. Nicias ndiye aliyewazuia.

Na kuna Karl Ernst Krafft. Huyu ndiye ninayemfikiria kila nikiona Nostradamus anatajwa kwenye vita, ngoja nimweleze kwa kirefu.

Krafft alikuwa mnajimu, raia wa Uswisi, aliyehamia Ujerumani na kuushabikia utawala wa Hitler. Mwanzoni mwa Novemba 1939 aliandika barua kwa mtu wa usalama aliyemfahamu: kati ya tarehe 7 na 10, maisha ya Hitler yatakuwa hatarini, na akataja baruti. Tarehe 8 Novemba bomu lililotegwa na fundi seremala Georg Elser likalipuka kwenye ukumbi wa bia mjini Munich, dakika chache baada ya Hitler kuondoka. Kama kuna utabiri wa nyota uliopata shabaha karne ya 20, ni huo, na una tarehe zote mbili upande unaotakiwa. Siupunguzi.

Alipata nini? Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimkamata, maana waliona aliyejua hivyo huenda alishiriki. Alipojitetea akaachiwa, na akapewa kazi Berlin. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alihitaji mtu wa kuzichambua beti za Nostradamus zionyeshe kuwa Ujerumani itashinda. Krafft akazichambua, zikaonyesha hivyo, zikachapwa kwa lugha kadhaa na kusambazwa nje. Upande wa pili Waingereza nao walikuwa na mnajimu wao, Louis de Wohl, na wakatengeneza jarida bandia la unajimu kwa Kijerumani. Marekani walitoa filamu fupi za Nostradamus zinazoonyesha kuwa Washirika ndio watakaoshinda. Kitabu kimoja, beti zilezile, mshindi anategemea nani analipia uchapishaji.

Mei 1941 Rudolf Hess, naibu wa Hitler, akapanda ndege peke yake na kurukia Scotland. Aibu ile ilihitaji wa kubebeshwa, wakabebeshwa wanajimu: Hess alijulikana kuwapenda. Juni wakakamatwa kwa mamia, Krafft akiwemo. Alikufa Januari 1945 akihamishwa kupelekwa kambi ya Buchenwald. Mganga hajigangi, wakuu.

Lisemwalo Lipo

Sasa umejifunga mwenyewe. Umekiri Krafft alipata. Ongeza na Kepler, ambaye ni mwanasayansi wenu. Alimpigia hesabu jemadari Wallenstein, na hesabu ikaishia Machi 1634 na neno la machafuko makubwa. Wallenstein akauawa Februari 25, 1634. Na Kardinali Pierre d'Ailly mwaka 1414 aliandika kwamba 1789 kutakuwa na mabadiliko makubwa ya ajabu duniani, hasa katika sheria. 1789! Mapinduzi ya Ufaransa! Miaka 375 kabla. Hapo tarehe ziko wapi?

Mpekua Kurasa

Zote ziko sawa, na nilijua mtu atamleta d'Ailly. Ni pigo zuri. Ukinikuta nimelala usingizi mzito ukaniuliza utabiri gani wa nyota unanipa shida, nitakutajia huo.

Ninachoweza kusema ni hiki. D'Ailly aliuzungushia ua: kama dunia itafika huko, alisema. Alikuwa anahesabu mizunguko ya Zohali kumi kumi, kila fungu kama miaka 300, na kila fungu likiisha alitarajia mageuzi makubwa. Pia alitarajia Mpinga Kristo si mbali baada ya hapo. Watu wameokota mwaka, wakamwacha Mpinga Kristo njiani. Na ni mmoja kati ya wangapi? Waliotabiri na kukosa hawana nyuzi. Mwaka 1939 wanajimu wa magazeti ya Uingereza walikuwa wakiwaambia wasomaji kwamba hakutakuwa na vita. Nani anawasambaza hao kwenye simu?

Kwa Kepler, hesabu ya kwanza ya Wallenstein aliifanya 1608, akaombwa kuirudia miaka kama 16 baadaye. Ni kweli iliishia hapo. Vilevile Kepler mwenyewe aliuita unajimu binti mpumbavu anayemlisha mama yake, mama akiwa falaki. Yaani ndiyo kazi iliyolipa. Na mwanajeshi aliyekuwa kwenye Vita vya Miaka Thelathini, ana maadui kila pembe, kumwambia miaka kumi ijayo atakumbana na machafuko ni kama kumwambia mvuvi atalowa. Mwezi aliupata karibu sana, nakubali. Sina maelezo ya mwezi.

Kalamu Nyekundu

Kabla uzi haujazama, msisahau 1999. "Mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa, mwezi wa saba, kutoka mbinguni atakuja mfalme mkuu wa kutisha." Fungu la kumi ubeti wa 72. Huu ni kati ya beti chache zenye tarehe ya wazi katika kitabu kizima, na ulitoka mtupu. Mbunifu wa mavazi Paco Rabanne alitangaza kituo cha angani Mir kitaiangukia Paris siku ya kupatwa kwa jua, Agosti 11. Paris ikaamka salama, Mir ikashushwa baharini Machi 2001.

Ila Japani haikuwa mzaha. Aum Shinrikyo, kundi lililomwaga sumu ya sarin kwenye treni za Tokyo Machi 20, 1995, kiongozi wao alichanganya mafundisho yake na Nostradamus. Mwisho wa dunia haukuja, wao wakaamua kuusogeza.

Falaki Si Ramli

Ni kama Nicias, ila huyu hakusubiri.

Mpekua Kurasa

Naam.

Basi tufanye jaribio humu ndani, tusiishie kubishana juu ya marehemu. Mshtarii na Zohali zilikutana mara ya mwisho Desemba 21, 2020, na zitakutana tena 2040. Anayeamini beti na nyota aandike hapa, leo, vita gani vitazuka kabla ya hapo: nchi, mwaka, na nani atashinda. Uzi una tarehe, haufutiki. Ikitokea, mimi nitakuwa wa kwanza kuja kuomba radhi.

Lisemwalo Lipo

Nimekubali. Andika: kabla hazijakutana tena, dola kubwa itaanguka kwa vita.

Mpekua Kurasa

Ipi?

Lisemwalo Lipo

Kubwa.

Falaki Si Ramli

Kwa faida ya wasomaji: mfalme Croesus wa Lydia aliwauliza watabiri wa Delphi, Ugiriki, kama aivamie Uajemi, akaambiwa akivuka mto ataangusha dola kubwa. Akavuka. Ikaanguka ya kwake, kwa mkono wa Koreshi, mfalme wa Uajemi.

Lisemwalo Lipo

Kwa hiyo ilianguka au haikuanguka?

Mtu wa Pembeni

😂😂😂 Huyu tumpe maua yake.

Mpekua Kurasa

Ilianguka, mkuu. Nimeunakili utabiri wako kama ulivyo, pamoja na saa. Nchi na mwaka nimeacha wazi, ukiwa tayari uje ujaze.